Kwenye Nyayo za Mabingwa Wanne wa Donegal

Mpwa wangu, muuguzi katika jiji la Dublin, alinisindikiza hadi Mtaa wa Dawson asubuhi moja alipotoka zamu ya usiku. Macho yalimjaa usingizi, lakini ulimi ulikuwa macho kabisa. "Mjomba," aliniambia tulipofika mlango namba 19, "watu wakija huku huenda kuona majabali ya Moher. Wewe umekata tiketi yote hiyo uje kusoma madaftari ya watawa?"

Madaftari ya watawa, ndiyo. Namba 19 ni makao ya Royal Irish Academy, taasisi ya wanazuoni iliyoanzishwa mwaka 1785, na humo ndimo zinamohifadhiwa sehemu kubwa za kazi ninayoihusudu tangu niliposikia habari zake kwa mara ya kwanza. Kwa Kiayalandi inaitwa Annála Ríoghachta Éireann. Dunia inaijua zaidi kama Tarikhi ya Mabingwa Wanne. Inaanza na Gharika, ambayo waandishi waliihesabu kuwa mwaka wa 2242 tangu kuumbwa ulimwengu, kisha inateremka mwaka kwa mwaka hadi 1616: nani alitawazwa, nani aliuawa na binamu yake, askofu gani alifariki, monasteri ipi ilichomwa, ng'ombe wa nani waliporwa, lini ilikuja njaa na lini tauni. Iliandikwa kwa mkono kati ya 1632 na 1636. John O'Donovan alipoichapisha yote pamoja na tafsiri kati ya 1848 na 1851, nchi ikiwa katikati ya baa la njaa, ilijaza majuzuu saba.

Nilikuwa nimewaandikia mapema. Mhudumu wa chumba cha kusomea alinieleza kwa adabu kwamba hati zenyewe hazitolewi ovyo, kwa kuwa zimepigwa picha safi ukurasa kwa ukurasa chini ya mradi wa Taasisi ya Masomo ya Juu ya Dublin, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Nikakaa mbele ya kompyuta, rafu za vitabu zikiwa zimenizunguka hadi karibu na dari, nikafungua hati inayojulikana kwa namba 23 P 6, ambayo inashika miaka ya 1170 hadi 1499.

Ni karatasi, si ngozi ya ndama kama hati za zamani zaidi. Kila mwaka unaanza na kichwa chake, Aois Críost, yaani umri wa Kristo, kisha mwaka wenyewe. Chini yake habari zinafuatana moja baada ya nyingine, fupi fupi, bila kiunganishi cha kuonyesha lipi lilisababisha lipi. Mwandiko wa mtu mmoja unaishia, wa mwingine unachukua. Kilichonishika zaidi ni pale pasipoandikwa kitu. Habari za mwaka zikimalizika, waandishi wameacha nafasi, mahali pengine kipande kizuri cha ukurasa, kabla ya kuanza mwaka unaofuata. Karatasi ilikuwa ghali na wao hawakuwa watu wa kuchezea mali. Waliacha nafasi kwa sababu walitarajia kwamba kesho au mwezi ujao kingepatikana kitabu kingine chenye habari za mwaka ule ule, na habari hizo zingehitaji pa kukaa.

Nafasi zile tupu zilinifundisha kazi hii ni ya namna gani. Mabingwa Wanne hawakukaa chini kutunga historia. Walikusanya vitabu, wakavilinganisha, wakachukua hiki kutoka huku na kile kutoka kule, wakaandika upya. Basi nikaamua safari yangu iende kwa mpangilio huo: kwanza kule vilikotoka vitabu, kisha pale vilipokutanishwa.

Utamaduni wenyewe ulikuwa mkongwe walipoukuta. Monasteri za Ayalandi zilianza mapema kuandika matukio ya kila mwaka. Tarikhi kongwe zaidi tunazoweza kuzifuata zinaturudisha Iona, kisiwa kilicho upande wa Uskoti, ambako Colum Cille alianzisha monasteri mwaka 563 na ambako watawa waliandika matukio hadi karibu mwaka 740. Baada ya hapo kalamu ilihamia Ayalandi yenyewe, na nakala zikasambaa kutoka monasteri hadi monasteri, kila moja ikiongeza habari za jirani zake. Ndiyo maana tarikhi nyingi zilizobaki zinafanana sana katika karne za mwanzo, halafu zinaachana kila moja ikashika njia yake.

Usidhani ni porojo za watawa. Chini ya mwaka 664 Tarikhi ya Ulster, mojawapo ya hizo zilizobaki, inasema giza lilitanda saa tisa ya mchana, kwa hesabu yao ya saa, siku ya kwanza ya Mei. Bede, mwanahistoria mashuhuri wa Waingereza, alilitaja tukio hilo hilo lakini akaliweka tarehe 3 Mei. Wanaastronomia wa leo wamepiga hesabu ya kupatwa kwa jua mwaka ule: ilikuwa tarehe 1. Mtawa asiyejulikana jina alikuwa sahihi kumshinda Bede, kwa sababu aliandika alichokiona wakati alipokiona.

Kuanzia karne ya 12, monasteri zilipobadilishwa kwa kufuata mashirika ya kitawa ya Ulaya, kazi ya kutunza tarikhi iliangukia mikononi mwa koo za wasomi. Ó Maolchonaire, Ó Duibhgeannáin, Mac Fhirbhisigh, Ó Cléirigh: hizi zilikuwa koo zilizorithishana usomi baba kwa mwana kama vile kwetu koo za masharifu na mahatibu zinavyorithishana vitabu na mimbari. Kila ukoo ulikuwa na bwana wake, naye bwana aliwapa ardhi bila kodi. Wao walimtunzia nasaba, haki za mipaka na habari za mababu zake. Mtawala asiye na mwanahistoria hakuwa na ushahidi wa utawala wake.

Basi la kwenda Donegal linatoka kituo cha Busáras, linapita Cavan na kuingia Ayalandi ya Kaskazini kwa njia ambayo msafiri aliyezoea vizuizi vya mpakani hataamini. Hakuna askari, hakuna kizuizi, hakuna mtu wa kuomba pasi. Dereva hakupunguza hata mwendo. Nilijua tumevuka kwa kuona vibao vya barabarani vimeacha kilomita na kuanza kuhesabu maili. Niliposhuka Enniskillen kununua chai ndipo nilipokumbushwa kwamba noti zangu za euro zimekwisha kazi, sasa ni pauni.

Enniskillen umejengwa kisiwani, pale ziwa Erne linapobanwa kabla ya kupanuka tena. Maji yako kila upande, ya rangi ya chai ya rangi, na visiwa vimetapakaa kusini na kaskazini. Nilichukua teksi kuelekea kusini, hadi Belle Isle kwenye Erne ya Juu. Siku hizi ni shamba la watu binafsi lenye jumba la kifahari na nyumba za wageni, na anayeshuka pale bila kujua historia ataona malisho, miti mikubwa na ng'ombe walioshiba. Zamani kisiwa hiki kiliitwa Seanadh, na mwenyeji wake alikuwa Cathal Mac Maghnusa.

Cathal alikuwa mkuu wa ukoo wake, tajiri, na kasisi mwenye cheo katika Kanisa. Mwishoni mwa karne ya 15 alikusanya vitabu vya kale kutoka sehemu mbalimbali na kumweka mwandishi hodari, Ruaidhrí Ó Luinín, avinakili kuwa tarikhi moja. Matokeo yake ndiyo Tarikhi ya Ulster, inayoanza mwaka 431 na kuhesabiwa na wasomi wengi kuwa nakala aminifu kuliko zote za kumbukumbu za kale za Ayalandi. Inahifadhiwa Chuo cha Trinity, Dublin, na nakala yake ya pili iko Oxford.

Ruaidhrí alinakili Kilatini kikiwa Kilatini na Kiayalandi kikiwa Kiayalandi. Mahali pengine lugha zote mbili zimo ndani ya sentensi moja, naye hakuzitenganisha. Palipokuwa na tahajia ya karne ya 8, aliiacha mara nyingi kama alivyoikuta. Mwaka 1498 Cathal alikufa kwa ndui akiwa na umri wa miaka 60, na kifo chake kikaandikwa ndani ya kitabu chake mwenyewe, kwa sifa nyingi, zikiwemo usafi wa maisha na useja, ingawa marehemu alikuwa baba wa watoto wengi. Mwandishi alikula mkate wa Mac Maghnusa, na sifa zile ndizo malipo. Msomaji wa tarikhi hizi anatakiwa ajue mapema kwamba habari za giza la mchana na habari za mwenye nyumba haziandikwi kwa mizani moja.

Nilisimama kando ya maji hadi dereva wa teksi alipopiga honi ya kunikumbusha kwamba mita inahesabu. Kitabu cha Seanadh kilikuwa miongoni mwa vile vilivyowekwa mezani kwa Mabingwa Wanne zaidi ya miaka 130 baadaye. Kati ya meza yao na kisiwa hiki kuna safari fupi kwa barabara za leo, kando ya Erne ya Chini hadi Ballyshannon, mahali ziwa linapomwagia maji yake baharini.

Karibu na Ballyshannon, juu ya mwamba unaokatika ghafla kuingia baharini, yamesimama magofu ya Kilbarron, ngome ya ukoo wa Ó Cléirigh. Zimebaki kuta chache zilizoliwa na chumvi. Upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba nilikwenda nimeshika kofia mkono mmoja na miwani mkono mwingine. Ó Cléirigh walikuwa wanahistoria wa akina Ó Domhnaill, mabwana wa Donegal, na ardhi hii ndiyo iliyokuwa mshahara wao. Katika ukoo huo, mnamo 1590, alizaliwa Tadhg, aliyekuja kuitwa Mícheál Ó Cléirigh alipoingia utawani.

Ulimwengu wa Tadhg ulivunjika akiwa kijana. Mwaka 1601 mabwana wa kaskazini walishindwa na Waingereza huko Kinsale. Septemba 1607 wakuu wa Ó Néill na Ó Domhnaill walipanda meli Rathmullan, wakaenda Ulaya, wasirudi tena. Mashamba yao yakagawiwa walowezi kutoka Uingereza na Uskoti. Bwana akiondoka, mwanahistoria wake hana kazi, hana shamba, wala hana wa kumtunzia vitabu. Watoto wa koo za wasomi walitawanyika: wengine wakawa askari Hispania, wengine makasisi. Tadhg alifika Louvain, katika Ubelgiji ya leo, ambako Wafransisko wa Ayalandi walikuwa wameanzisha Chuo cha Mtakatifu Antoni mwaka ule ule wa 1607. Alijiunga nao akiwa bruda, si padre, na bruda alibaki hadi kufa.

Wakubwa wake chuoni walikuwa na mpango mkubwa wa kuandika habari za watakatifu wa Ayalandi, lakini vitabu vilikuwa nyumbani, vimefichwa katika nyumba za watu. Mwaka 1626 wakamrudisha Bruda Mícheál akavitafute. Alizunguka nchi nzima kwa miaka, akigonga milango ya Wafransisko na ya koo za wasomi, akinakili chochote alichoruhusiwa kukinakili. Kutoka kwenye maisha ya watakatifu akaingia kwenye orodha za wafalme na nasaba, na hatimaye kwenye kazi kubwa zaidi: kuziunganisha tarikhi zote.

Mji wa Donegal una uwanja wa pembe tatu katikati uitwao Diamond, na katikati ya uwanja umesimama mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1937 kuwakumbuka Mabingwa Wanne. Watu hukaa chini yake kula aiskrimu na kusubiri mabasi. Vijana wa mji wanalijua vizuri zaidi jina la Four Masters kwa kuwa ni klabu yao ya mpira wa Kigaeli. Mzee mmoja niliyekaa naye benchi aliponisikia nimekuja kwa ajili ya tarikhi, alinionyesha kwa fimbo upande wa mto Eske: magofu ya monasteri ya Wafransisko yako kule, nenda utaona walipoandikia.

Nilikwenda. Ni mahali pazuri, kuta za mawe kati ya makaburi, kwenye mdomo wa mto unapokutana na ghuba. Monasteri ilianzishwa mwaka 1474, ikaharibiwa kwa mlipuko wa baruti mwaka 1601 wakati wa vita. Mabingwa Wanne walipoanza kazi, watawa wa Donegal walikuwa wamekwisha kuhama zamani na kwenda kuishi ukimbizini, kilomita 30 hivi upande wa kusini, karibu na mdomo wa mto mdogo uitwao Drowes. Jina lilibaki la Donegal, wenyewe wakawa wageni kwa watu.

Drowes unatoka ziwa Melvin na kusafiri kilomita chache tu kabla ya kumwaga maji baharini. Ni mpaka kati ya kaunti za Donegal na Leitrim, na Leitrim ina pwani fupi kuliko kaunti nyingine yoyote ya Ayalandi yenye bahari. Upande mmoja uko mji wa Bundoran, wenye nyumba za michezo ya bahati nasibu na vijana wanaobeba mbao za kuteleza kwenye mawimbi. Upande wa pili ni mashamba. Mto wenyewe ni maarufu kwa samoni. Msimu unafunguliwa tarehe 1 Januari, na wavuvi wa mshipi hushindana kuwa wa kwanza nchini kuvua samoni wa mwaka.

Hakuna gofu la kupigia picha. Kuna kumbukumbu kando ya daraja linalobeba jina la Mabingwa Wanne, na kuna maji yanayokwenda kasi juu ya mawe. Mvuvi mmoja aliyevaa buti za mpira hadi mapajani alipumzika ukingoni, nikamuuliza nyumba ya watawa ilikuwa upande gani. Akacheka. Ukimwuliza mtu wa Leitrim, alisema, ilikuwa Leitrim. Ukimwuliza mtu wa Donegal, ilikuwa Donegal. Na wewe je, nilimwuliza. Akasema yeye ni wa Sligo, amekuja kwa ajili ya samaki.

Kazi ilianza hapa tarehe 22 Januari 1632 na kukamilika 10 Agosti 1636. Jina la Mabingwa Wanne halikutoka kwao. Lilitolewa na John Colgan wa Louvain katika kitabu alichochapisha mwaka 1645. Walikuwa Mícheál mwenyewe, jamaa yake Cú Choigcríche Ó Cléirigh, Fearfeasa Ó Maolchonaire na Cú Choigcríche Ó Duibhgeannáin. Walisaidiwa na wengine wawili: Conaire, ndugu yake Mícheál, na Muiris Ó Maolchonaire aliyefanya kazi mwezi mmoja tu. Mtawa kati yao alikuwa mmoja. Waliobaki walikuwa raia, wasomi wa kurithi wasio na mabwana. Watawa waliwapa chakula na huduma, ingawa wenyewe walikuwa wakimbizi. Posho ililipwa na Fearghal Ó Gadhra, mwenye ardhi wa Kigaeli aliyekuja kuwa mbunge wa Kaunti ya Sligo katika bunge la Dublin la 1634, bunge la serikali ile ile iliyowafukuza mabwana wa zamani.

Nimesoma hati zinazotangulia kazi hii mara nyingi, na kila mara nahisi nasoma faili la ofisi yenye karani makini. Mmoja mmoja, wametaja vitabu walivyokuwa navyo: kitabu cha Clonmacnoise, cha Kisiwa cha Watakatifu kwenye ziwa Rí, cha Seanadh Mac Maghnusa, cha ukoo wa Ó Maolchonaire, cha Ó Duibhgeannáin wa Kilronan, cha Lecan cha akina Mac Fhirbhisigh, na vingine. Wamesema pia nani hakuwepo wakati gani. Kwa miaka ya 1586 hadi 1602 wamemtaja Lughaidh Ó Cléirigh, aliyeandika habari za vita. Wakuu wa watawa wakatia sahihi kwamba waliviona vitabu hivyo na waliwaona watu hao wakifanya kazi.

Halafu Mícheál akachukua hati akaingia njiani. Novemba 1636 alikuwa kusini, akiwaonyesha Flann Mac Aodhagáin huko Tipperary na Conchobhar Mac Bruaideadha huko Clare, wasomi wawili wa koo nyingine, ili waipime kazi na kuithibitisha kwa maandishi. Baada yao akaenda kwa maaskofu. Mtu aliyekwisha kufanya kazi ya miaka minne na nusu angeweza kupumzika. Yeye alikwenda kutafuta watu wenye uwezo wa kumwambia amekosea.

Na makosa yapo. Mabingwa Wanne hawakuwa kama Ruaidhrí Ó Luinín wa Belle Isle. Kilatini cha vitabu vya kale walikigeuza Kiayalandi. Habari kavu ya kifo cha mfalme waliivalisha sifa. Walitaka kuonyesha Ulaya kwamba Ayalandi ni ufalme wa kale wa Wakatoliki, wenye wafalme tangu enzi za mwanzo, kwa hiyo kila kitu walikipanga chini ya utawala wa mfalme mkuu fulani, hata katika karne ambazo mfalme mkuu wa nchi nzima hakuwepo. Katika kulazimisha vitabu vyenye hesabu tofauti viafikiane, tarehe nyingi za karne za mwanzo ziliteleza. Mashambulizi ya kwanza ya Waviking dhidi ya kisiwa cha Reachra, ambayo Tarikhi ya Ulster ikisahihishwa inayaweka 795, wao wanayaweka 790.

Tuileagna Ó Maolchonaire, msomi wa ukoo ule ule wa Fearfeasa, alipeleka malalamiko kwa Wafransisko akidai kazi ina kasoro na isiruhusiwe, na mzozo ukaendelea kwa miaka kadhaa. Fearfeasa alisimama kuitetea. Louvain ilikuwa na mashine ya kuchapa kwa herufi za Kiayalandi, lakini tarikhi haikuchapwa humo. Mícheál alirudi kule mwaka 1637, akachapisha kamusi ndogo ya maneno magumu mwaka 1643, na mwaka huo huo akafariki.

Kilichoiokoa kazi yake ni tahadhari moja ya kawaida: waliiandika mara mbili. Seti moja ilikuwa ya Ó Gadhra na nyingine ya Louvain. Zote mbili zilivunjika vipande na kusafiri kila kimoja kivyake. Kipande kimoja kilikwenda Roma na Wafransisko, kikarudi Dublin mwaka 1872, na tangu 2000 kinatunzwa na University College Dublin. Kingine kiliingia katika mkusanyo wa matajiri wa Kiingereza huko Stowe na kuletwa Mtaa wa Dawson mwaka 1883. Kingine kilinunuliwa mnadani mwaka 1831 na George Petrie, aliyekiachia Academy. Kingine kiko Trinity. Ukiviunganisha, hakuna mwaka uliopotea, na vyote viko ndani ya jiji moja.

Vile vitabu vya mezani je? Cha Seanadh kipo. Cha Kisiwa cha Watakatifu hakipo, na kile cha ukoo wa Ó Maolchonaire hakijulikani kilipo. Yaliyokuwemo tunayajua kwa kiasi kile tu Mabingwa Wanne walichokichukua. Nakala iliyoandikwa ili ikusanye asili, imekuwa asili.

Mambo mengine waliyoyanakili bila kuyatilia maanani sana yamekuja kupata wasomaji wasiotarajiwa. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Francis Ludlow walichukua tarikhi za Ayalandi, wakatoa kila habari ya baridi kali kati ya 431 na 1649: theluji iliyolala miezi, maziwa yaliyoganda hadi mifugo ikapita juu yake. Wakazilinganisha na dalili za milipuko ya volkeno zilizobaki ndani ya barafu ya Greenland. Katika milipuko 48, milipuko 38 iliendana na baridi iliyotajwa na waandishi hawa. Sifa za wafalme ndizo zinazotiliwa shaka siku hizi. Sentensi ya nusu mstari kuhusu theluji, ambayo hakuna bwana aliyeilipia, imepata shahidi wa pili katika barafu ya nchi nyingine.

Kwa hiyo anayekwenda Donegal asiishie kwenye mnara wa Diamond, ingawa aiskrimu ni nzuri. Afike Drowes ajionee jinsi palivyo padogo mahali pa kazi kubwa hivyo, kisha arudi Dublin afungue hati kuanzia mwanzo: orodha ya vitabu, majina ya waliokuwepo na wasiokuwepo, sahihi za wakuu wa watawa na maneno ya wale wasomi wawili wa kusini. Wengi huziruka kurasa hizo ili wawahi Gharika. Lakini ndizo zinazotuwezesha leo kubishana na Mabingwa Wanne kuhusu mwaka 790, kwa sababu wenyewe walituambia ni kitabu gani tukatazame ili tuwasahihishe.